Siasa Ina Kalenda, Simu Haina
Mwongozo wa kupumzika na kutafakari kwa msomaji wa Kisii na Nyamira

Ukiishi Keroka, mpaka wa Kisii na Nyamira unapita mjini mwako, na simu yako inabeba siasa za kaunti zote mbili. Nyamira kumekuwa na mgawanyiko wa madiwani uliozaa "Bunge Mashinani", kisha hoja ya kumng'oa Gavana Amos Nyaribo iliyofika Seneti na kukwama Desemba 2025. Upande wa Kisii, naibu gavana Robert Monda aling'olewa Machi 2024. Wadi za Nyansiongo, Nyamaiya na Ekerenyo zilipiga kura ya uchaguzi mdogo Novemba 27, 2025. Sasa kuna mbio za 2027, na jina la Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira, linatajwa kila uchao. Ongeza ya kitaifa: maandamano ya Juni 2024, ya Juni na Julai 2025, kifo cha Raila Odinga Oktoba 15, 2025. Yote hayo yamepita kwenye kioo kimoja kilicho mfukoni mwako, kila jambo na video zake, sauti zake na matusi yake.

Mwongozo huu haukwambii uache siasa. Mwambie Mkisii aache siasa uone atakavyocheka. Unakuonyesha namna ya kuifungia mlango kwa saa na siku unazochagua mwenyewe, ulale, uwaze, kisha urudi ukiwa na la kufanya badala ya la kukasirikia.

Kwa nini unachoka

Siasa yenyewe ina kalenda. Katiba imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Bajeti ya kaunti ina tarehe zake kisheria. Kati ya tarehe hizo kuna miezi mingi ambayo kura yako haihitajiki popote. Simu haina habari na kalenda hiyo. Facebook, TikTok na X hukuchagulia cha kuona kwa kupima kile kinachokushikilia, na hasira hushikilia kuliko taarifa ya ukarabati wa barabara. Ukitazama video ya matusi hadi mwisho, hata kama umeitazama kwa kuichukia, umeagiza nyingine.

Kwetu kuna mambo mawili zaidi ambayo ushauri wa jumla kuhusu simu haugusi.

La kwanza ni makundi ya WhatsApp. Mengi hayakuundwa kwa ajili ya siasa. Ni la matanga, la mchango wa karo, la chama, la ukoo, la mliosoma pamoja. Likimaliza kazi yake halivunjwi. Kamati ya mazishi ya mwaka juzi leo inabishana nani ameisaliti jamii. Nawe huwezi kutoka, kwa sababu habari ya msiba ujao itapitia humo humo, na asiyeonekana matangani kwetu hasahauliki upesi. Ndiyo maana anayekuambia "futa tu WhatsApp" hajui unakoishi.

La pili ni usiku. Ndugu zetu wengi wako Marekani, hasa Minnesota, na Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa 8 au 9 kutegemea majira. Wewe ukiwa kitandani Nyansiongo saa nane usiku, kule ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Binamu yako ametoka kazini, amekaa, ana intaneti isiyokatika na ana maoni kuhusu gavana wako. Hana ubaya wowote. Lakini jioni yake inakula usingizi wako, na alfajiri chai inakusubiri, si yeye.

Kwanza pima

Usibadilishe kitu kwa siku mbili. Nenda kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu inayoonyesha muda unaotumia kila programu (simu nyingi za Android zinayo), kisha andika kwenye karatasi:

☐ Programu tatu zinazokula muda mwingi zaidi
☐ Saa unayoshika simu mara ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku
☐ Makundi matano yanayoingiza ujumbe mwingi zaidi
☐ Bando unalonunua kwa siku mbili hizo, kwa shilingi

Mstari wa mwisho ndio huwaamsha wengi. Zidisha kwa 15 upate mwezi, kisha ulinganishe na bei ya kilo moja ya majani mabichi ya chai.

Hatua saba

1. Gawa makundi mafungu matatu. Sababu: huwezi kuyatendea yote sawa, kwa kuwa baadhi yanabeba maisha yako.

- Fungu la kwanza ni familia ya karibu, chama, kituo cha kuuzia chai, shule ya watoto. Hayo yaache yalie.
- Fungu la pili lina watu unaowahitaji na maneno usiyoyahitaji: ukoo, matanga ya zamani, wadi, wenzako wa shule. Yanyamazishe. WhatsApp hukupa chaguo tatu, saa 8, wiki 1 au daima, chagua daima. Kisha yahifadhi kwenye kumbukumbu ili yasikae juu ya orodha. Yakishahifadhiwa, hayarudi juu hata ujumbe mpya ukiingia.
- Fungu la tatu ni yale uliyoingizwa na mgombea au wapambe wake bila kuulizwa. Toka. Ukitoka, wanaoarifiwa ni wasimamizi pekee, ingawa jina lako hubaki kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60 kwa atakayeitafuta. Baadaye fungua mipangilio ya faragha, uchague kwamba ni watu walio kwenye orodha yako ya simu pekee wanaoweza kukuingiza kundini. Kadiri uchaguzi unavyokaribia, hatua hii pekee itakuokoa na mengi.

2. Acha mlango wa dharura. Sababu: hofu ya kukosa habari ya msiba ndiyo hurudisha watu mtandaoni kwa siku moja. Iondoe mapema. Weka ujumbe kama huu katika makundi ya fungu la pili:

> *Bwakire, wazee wetu, akina mama na ndugu zangu. Kuanzia leo sitakuwa nikisoma makundi usiku wala siku ya mapumziko. Kukiwa na msiba, mgonjwa au mchango wa haraka, tafadhali nipigieni simu ya kawaida wakati wowote, hata usiku wa manane. Ujumbe wa hapa nitausoma jioni. Asanteni, Mungu awabariki.*

Usiongeze neno kuhusu siasa. Ukiandika kwamba umechoka na siasa zao, mjadala wa wiki nzima utakuwa wewe.

Halafu washa hali ya kutosumbuliwa, uruhusu simu za watu uliowateua. Android pia inakuwezesha kumruhusu anayepiga mara ya pili ndani ya dakika 15. Mwenye jambo la kweli atapiga tena.

3. Zima data usiku, usizime simu. Watu huchanganya haya mawili. Data ikizimwa, bado utapigiwa, bado utapokea ujumbe mfupi, na M-Pesa ya menyu itafanya kazi kama kawaida. Anza saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Chaji simu sebuleni au jikoni, mbali na mkono. Ukisema unaihitaji kitandani kwa ajili ya kengele ya asubuhi, nenda soko la Daraja Mbili ununue saa ndogo ya mezani.

4. Zuia picha na video zisijipakue zenyewe. Sababu: ukifungua simu ukakuta mwili wa kijana aliyepigwa risasi, umeshaona, hakuna kurudi nyuma. Katika mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya hifadhi na data. Ondoa alama kwenye picha, sauti na video. Tangu hapo, utakachoona ni kile ulichogusa kwa kidole chako, na bando litadumu.

5. Fundisha programu nyingine. Facebook hukuruhusu kuacha kumfuata mtu bila kumwondoa kwenye urafiki, au kumpumzisha kwa siku 30. Hatajua. Kwa mjomba anayechapisha kila dakika kumi, hiyo ndiyo heshima inayobaki. Kwenye TikTok, gusa video kwa muda uiambie hupendi ya namna hiyo. TikTok na X zote zina mahali pa kuandika maneno usiyotaka kuyaona. Anza na majina ya wanasiasa wanaokunyima usingizi. Bado watakuwepo utakapowatafuta.

6. Pata habari mara moja kwa siku, mahali penye mwisho. Taarifa ya habari ya redio, iwe Egesa FM, Minto FM au KBC, huanza na kwisha. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Mtandao hauna. Chagua taarifa moja, kwa mfano ya jioni, usikilize ukifanya kazi, kisha uzime. Jambo kubwa likitokea, usijali. Kwenye steji ya boda boda utaambiwa hata usipouliza.

7. Chukua siku nzima kila wiki. Hapa sisi tuna bahati. Sehemu kubwa ya Gusii ni Waadventista, na Sabato inaanza jua likitua Ijumaa hadi litue Jumamosi. Karibu na ikweta jua letu hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima. Tayari watu wanapika mapema, wanafunga duka, wanaacha shamba. Kilichobaki ni kuingiza data katika orodha ya kazi zinazosimama. Kama wewe ni Mkatoliki au wa kanisa jingine, chukua Jumapili. Kama hushiki dini, chagua siku isiyo ya soko kwenu.

Wengine huhamishia laini kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, siku hiyo. Ni njia nzuri kuliko zote nilizotaja, kwa kuwa haihitaji nia ya chuma: kabambe haina TikTok. Tahadhari moja: wanasiasa nao wanaijua ratiba ya ibada. Mgeni akipewa maikrofoni baada ya mahubiri, unayo ruhusa ya kwenda kuangalia watoto nje.

Saa zilizobaki utazifanyia nini

Watu wengi hushindwa hapa. Wameondoa saa tatu za simu bila kuweka kitu mahali pake, na mkono ukirudi mfukoni bila kazi utaikuta simu.

Ipe mikono kazi. Kuchambua chinsaga kwa ajili ya familia kunachukua muda, na hakuna awezaye kuchambua huku akiandika maoni Facebook. Palilia migomba. Jiunge na majirani mnaofanyiana kazi kwa zamu shambani. Wazee waliita risaga, na mahali ilipobaki hai bado ni dawa, kwa sababu huwezi kumtukana mtu wa chama kingine ambaye kesho zamu yake ya kukupalilia inafika. Bishaneni siasa humo mkitaka. Ubishi wa ana kwa ana huisha jua likizama, na mtu akiudhika unaiona sura yake.

Ukitaka kutoka, panda ukingo wa Manga, Nyamira. Siku isiyo na mawingu macho hufika mbali upande wa Ziwa Victoria. Panda asubuhi: nyanda zetu za juu hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mara nyingi hushuka alasiri pamoja na radi, wakati mwingine mvua ya mawe. Watu wa Mugirango Kusini wana Tabaka, ambako unaweza kukaa mchana mzima ukitazama wachongaji wakitoa kiboko au bakuli kwenye jiwe la sabuni. Simu ibaki nyumbani, au mfukoni bila data. Ukipiga picha, usiirushe siku hiyo; ukishairusha utarudi kuhesabu waliopenda.

Kutafakari: daftari na maswali matatu

Kupumzika bila kuwaza kutakurudisha ulikotoka. Jioni ya siku yako ya mapumziko, andika jambo moja tu la kisiasa linalokuwasha. Moja. Chini yake jibu:

1. Nimelisikia kutoka kwa nani aliyekuwepo likitendeka?
2. Likiwa kweli, litamgusa nani nyumbani kwangu, na lini?
3. Kuna ninachoweza kufanya kabla ya Ijumaa ijayo?

Ukikosa jibu la kwanza, usimpelekee mtu yeyote. Ukikosa la tatu, piga mstari, ulale. Ukilipata la tatu, mfano kumwona diwani kuhusu basari au kumuuliza mwalimu mkuu juu ya pesa fulani, liandike katika orodha ya kazi za wiki pamoja na mbolea na karo. Baada ya mwezi soma kurasa za nyuma. Utashangaa ni mangapi yaliyokunyima usingizi ambayo hata huyakumbuki, na ni machache kiasi gani yaliyokuwa na jibu la tatu. Hayo machache ndiyo siasa yako.

Makosa ya kawaida

*Kutangaza kwamba unaondoka.* Ule ujumbe mfupi wa dharura unatosha; mrefu wa kuaga huleta majibu, na majibu humrudisha aliyeaga.

*Kufuta kila kitu kwa hasira.* Ukifuta leo kwa sababu fulani amekutusi, utapakua tena kesho kujua kama ameendelea.

*Kuacha WhatsApp ukahamia YouTube.* Wachambuzi wa siasa wa YouTube wanakusubiri kwa saa mbili mbili.

*Kusoma "kidogo tu" kabla ya kulala.* Kidogo hicho ndicho ugonjwa wenyewe. Kama lazima usome, soma saa kumi na moja jioni.

*Kumnyang'anya mwenzako simu.* Mama au baba wa nyumba akikukuta umeanza kumhesabia dakika, mtakuwa mmeingiza ugomvi wa kweli mahali pa ule wa mtandaoni. Anza na yako. Watoto nao wataiga wanachokiona, hawataiga hotuba.

Tahadhari

*Kabla ya kusambaza.* Ujumbe wenye mishale miwili umepita mikononi mwa watu wengi, angalau mara tano mfululizo, na WhatsApp haikuruhusu kuutuma kwa zaidi ya gumzo moja kwa mara moja. Ichukue alama hiyo kuwa sababu ya kuuacha. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inaadhibu anayechochea chuki ya kikabila kwa faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, na inamgusa anayesambaza maandishi sawa na aliyeyaandika. "Nimetumiwa tu hivyo" si utetezi.

*Ukiishi karibu na mpaka wa Borabu na Sotik.* Hapo tahadhari ni kubwa zaidi. Mapema 2008 nyumba ziliteketezwa na watu wakauawa pande zote mbili, na ujumbe wa uchochezi ulikuwa ukizunguka nchini kwa simu zisizo na intaneti. Ukipokea uvumi wa mashambulizi, usiutume kundini. Mpigie mzee wa nyumba kumi au chifu, na umpigie mtu unayemjua upande wa pili. Kwa ajili ya usiku wa aina hiyo, weka namba zao kati ya wale walioruhusiwa kukuamsha.

*Ukiona mapumziko hayasaidii.* Kama wiki mbili zimepita umefuata hatua hizi na bado hulali, moyo unakwenda mbio, picha za maandamano zinakurudia, au umeanza kuona maisha hayana maana, hilo si suala la simu tena. Nenda hospitali iliyo karibu, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, useme wazi kinachokusumbua. Msalaba Mwekundu wa Kenya una namba ya bure ya ushauri wa kisaikolojia, 1199.

Kalenda ya kubandika ukutani

Kata sehemu hii. Hizi ndizo siku za kuwasha simu, kuuliza na kwenda mwenyewe.

| Tarehe | Jambo | Fanya hivi |
|---|---|---|
| Septemba 1 | Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa bungeni | Uliza kama barabara au zahanati yenu imo |
| Februari 28 | Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti | Hudhuria kikao cha umma cha wadi |
| Aprili 30 | Makadirio ya bajeti hufikishwa kwa madiwani | Peleka maoni kwa maandishi, uombe yapigwe muhuri |
| Juni 30 | Mwisho wa mwaka wa fedha | Linganisha kilichoahidiwa na kilichojengwa |
| Agosti 10, 2027 | Uchaguzi mkuu | Piga kura |

Katiba imelazimisha bunge la kaunti lifanye vikao hadharani na kuwashirikisha wananchi. Vikao vya wadi mara nyingi huwa na viti vitupu. Mtu mmoja aliyelala vizuri, aliyesoma kurasa tano za makadirio ya wadi yake na anayejua jina la mradi uliokwama, humtia diwani wasiwasi kuliko mamia ya maoni chini ya picha yake Facebook. Jaribu mara moja uone.

Orodha ya mwisho ya wiki ya kwanza

☐ Makundi yamegawanywa, ujumbe wa dharura umewekwa
☐ Data inazimwa saa tatu usiku
☐ Picha na video hazijipakui
☐ Siku ya mapumziko imechaguliwa na nyumba nzima inaijua
☐ Daftari limenunuliwa
☐ Nimethibitisha jina langu kwenye daftari la wapiga kura katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge langu

Agosti 10, 2027 ni siku ya Jumanne. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Beba kitambulisho.